Kelele za Mlango: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Lucasfilm na Disney

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Tanga. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyozipokelea filamu zenu za Star Wars huku kwetu. Kwa Kiswahili tulisimuliana, kwa Kiswahili tukagombana nani ana nguvu kuliko nani. Wala sipigi hodi kama mgeni. Mwaka 1983, katika Return of the Jedi, yule rubani msaidizi wa shujaa Lando, mwenye mashavu mazito, alipewa sauti na mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich, na Mkikuyu akitega sikio vizuri anasikia maneno ya nyumbani kwao yakitoka ndani ya chombo cha angani. Tumo kwenye hadithi hii tangu zamani. Kwa hiyo neno nililonalo ni la mtu wa ndani.

Filamu ninayotaka kuizungumzia ni The Phantom Menace. Niliiona mwaka 2002 nikiwa na miaka tisa, sebuleni kwa mjomba wangu, Ngamiani. Ilikuwa kwenye sidii mbili, na ya kwanza ilikatikia palepale mashindano ya mbio yalipopamba moto jangwani, mtoto Anakin akimfukuzia mpinzani wake Sebulba. Mjomba akainuka, akaichukua sidii ya pili, akaifuta kwa pindo la msuli, akaipuliza, akaiweka kwenye deki. Watoto kumi na kitu tuliojazana mkekani hatukupumua, maana deki ile ilikuwa na tabia ya kugoma. Iliposhika, kelele zetu zilifika mpaka kwa mama muuza maandazi wa kona.

Lakini kipande tulichomwomba mjomba akirudishe mara tatu hakikuwa cha mbio wala cha mapanga ya mwanga. Ni pale wamekaa mezani kwa mama yake Anakin, wanakula. Jar Jar Binks, yule mrefu mwenye masikio yaliyoshuka mpaka mabegani, anafyatua ulimi kama kinyonga na kunyakua tunda kwenye bakuli. Mazungumzo yanaendelea. Anajaribu tena, na safari hii Qui-Gon Jinn, mpiganaji wa Jedi, anaudaka ulimi ule kwa vidole viwili, anaushikilia, anamwambia asirudie. Tulicheka mpaka bibi akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Kesho yake binamu yangu alijifunga kanga mbili za bibi kichwani, moja ikaning'inia kulia, nyingine kushoto, akakatiza uani akirusha miguu kama haina mifupa. Mtaa ukambandika jina la Jaja. Leo ni fundi seremala mwenye watoto wawili, na wapo wanaomwita hivyo mpaka sasa.

Nimeanza na hayo kwa sababu ilinichukua karibu miaka kumi kugundua kwamba tulichokipenda vile kilikuwa kimeshahukumiwa kabla hakijatufikia. Nilipoanza kuingia kwenye intaneti nikakuta watu wazima, wenye akili zao na kazi zao, wanamchukia Jar Jar kwa chuki ya kweli, kama mtu aliyewadhulumu shamba. Nikasoma, nikaendelea kusoma, na siku moja nikasoma habari za binadamu aliyekuwa ndani ya Jar Jar. Tangu siku hiyo nina deni la barua hii.

Wasomaji wenzangu wataniwia radhi nikiwaeleza kidogo wale wasiofuatilia. Filamu tatu za kwanza za Star Wars zilitoka mwaka 1977, 1980 na 1983. Kisha kukawa kimya kwa miaka 16. George Lucas, mtunzi wake, aliporudi Mei 1999, alirudi na filamu ya kitangulizi, yaani hadithi iliyotoka baadaye lakini inasimulia yaliyotangulia: Darth Vader, yule mwovu wa filamu za kwanza, alipokuwa bado Anakin, mtoto mdogo mtumwa, anatengeneza mashine jangwani na kumpenda mama yake. Hamu ya watu ilikuwa kubwa kupita kiasi. Trela ilipotoka Novemba 1998, walikuwepo Wamarekani walionunua tiketi ya filamu nyingine kabisa, wakaitazama trela ile ya dakika chache, wakainuka na kwenda zao. Hollywood watu walipanga foleni mbele ya jumba la sinema kwa wiki kadhaa, wakila na kulala palepale barabarani.

Filamu yoyote ingepata taabu kulijaza tumbo lenye njaa ya namna ile. Na mimi sidai kwamba The Phantom Menace haina kasoro. Mazungumzo yake mahali pengi ni makavu. Habari ya Nguvu, ule uwezo wa ajabu wa wapiganaji wa Jedi, kupimwa kwenye damu kama malaria iliwakera wengi, na ninaelewa kwa nini: kitu kilichokuwa cha imani kikawa cha maabara. Habari za kodi na biashara tulipokuwa watoto tulizipitisha mbele kwa rimoti. (Leo, nikiwa mtu mzima, ndizo ninazorudia kutazama. Mwanasiasa mpole anayetengeneza mgogoro kwa mkono mmoja na kuomba kura kwa mkono mwingine si jambo dogo kuliweka kwenye filamu ya watoto.)

Shabiki ana haki ya kusema filamu haikumpendeza. Aliyelipa kiingilio ana haki ya kununa. Alitokea hata shabiki mmoja aliyeikata upya filamu nzima, akapunguza vituko vya Jar Jar, na kanda yake ikazunguka mkono kwa mkono. Sina ugomvi na yule bwana hata kidogo. Alikuwa anabishana na filamu kwa lugha ya filamu. Kilichofuata kwa wengine hakikuwa ubishi wa filamu tena.

Aliyekuwa ndani ya Jar Jar anaitwa Ahmed Best. Alikuwa kijana aliyetokea kwenye onyesho la Stomp, lile la watu wanaopiga ngoma kwa mifagio na mifuniko ya mapipa, na hapo ndipo watu wa Lucas walipomwona. Mtazameni anavyotembea kwenye filamu: mwili unakwenda mbele, kichwa kinabaki nyuma, mikono inafuata baadaye kama imesahauliwa. Hakuna mashine iliyobuni mwendo ule. Ni mwili wake. Alivaa vazi zito la Jar Jar, juu ya kichwa chake akawekewa kichwa kingine ili waigizaji wenzake wajue macho ya kutazama yako wapi, akasimama kwenye joto la Tunisia na kuigiza kila tukio. Na sauti ni yake. Kisha mafundi wa kompyuta wakamfuta kwenye picha na kumchora Jar Jar juu ya mienendo yake. Mhusika mkuu wa namna hiyo, aliyechorwa kwa kompyuta kuanzia unyayo mpaka utosi na kucheza filamu nzima pamoja na watu wa kweli, hakuwa ameonekana kwa kiwango kile. Gollum wa The Lord of the Rings alikuja miaka mitatu baadaye akapigiwa makofi dunia nzima.

Na kwetu sisi jambo hili lina uzito wake. Mwaka 2015 Lupita Nyong'o, binti wa Kisumu, aliingia kwenye hadithi yenu akiwa Maz Kanata, bibi mdogo mwenye miwani mikubwa. Uso wa Lupita hauonekani. Kinachoonekana ni mwili na sauti yake iliyovishwa picha za kompyuta. Tulishangilia huku Afrika Mashariki. Njia aliyopita Lupita ilikuwa imeshafyekwa, na aliyeshika panga ni Ahmed Best, na wengi wetu tulioshangilia hatukulijua hata jina lake.

The Phantom Menace ilipotoka Best alikuwa na miaka 25. Mwaka 2018 aliweka hadharani picha yake akiwa na mwanawe mdogo darajani, na akaeleza kwamba mahali pale, miaka karibu ishirini nyuma, matusi na kejeli zilimfikisha ukingoni mwa kuyakatisha maisha yake. Picha ile nimeitazama mara nyingi. Mtoto amesimama na baba yake, na chini yao ni maji. Nilipoiona mara ya kwanza nilimpigia simu binamu yangu, yule wa kanga, nikamsomea maneno yale kwa Kiswahili. Alinyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akauliza: "Kwani hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba sisi tulimpenda?"

Waheshimiwa, swali hilo si langu, ni la fundi seremala wa Ngamiani, na ndilo ninalowaletea.

Wahenga wetu walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Mwenye nyumba kweli hakukosa usingizi. Filamu ile iliingiza zaidi ya dola milioni 920 ilipotoka, ikarudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 ikavuka bilioni moja, na mwaka huohuo Disney ikainunua Lucasfilm yote kwa zaidi ya dola bilioni 4. Lakini mgeni aliyelazwa ukumbini, kitanda chake kikiwa kimeegemea mlango wenyewe, alilala vipi? Nyumba ni yenu, yeye mlimkaribisha, na mlango ulikuwa unagongwa kwa sababu ya nyumba. Kila pigo alilipata yeye.

Tena yalikuwepo mapigo yaliyostahili kufika kwenu hasa. Waandishi kadhaa wa Marekani waliuliza mwaka uleule wa 1999 kwa nini matamshi ya Jar Jar yanafanana na ya Wakaribi wanavyoigizwa ili wachekwe, kwa nini wale wafanyabiashara waoga wanaongea kama Waasia wa filamu za zamani, na kwa nini Watto, mwenye pua ndefu na tamaa ya fedha, amechorwa vile. Hayo yalikuwa maswali halali. Mimi mwenyewe nilipoyasoma nilirudi kuitazama filamu na sikuweza kuyaondoa masikioni. Lakini ni maswali ya walioandika, waliochora na walioidhinisha. Lucas aliyakana, mjadala ukaishia hewani, na mwigizaji mweusi akabaki katikati: huku anatukanwa kwa kuharibu filamu, kule anaulizwa kwa nini amewadhalilisha watu weusi. Mkubwa mmoja tu angetoka barazani na kusema, "Uamuzi ulikuwa wetu, tuulizeni sisi," mzigo ule ungegawanyika.

Nisimsahau Jake Lloyd, mtoto aliyeigiza Anakin. Alikuwa na miaka minane wakati wa kupiga picha na kumi filamu ilipotoka. Miaka minane, darasa la pili hapa kwetu. Watu wazima waliandika magazetini kuhusu uigizaji wake kwa maneno ambayo mzazi asingeruhusu yatamkwe mbele ya mwanawe. Mwaka 2012, akiwa ameshaacha kuigiza, alieleza jinsi wenzake wa shule walivyomwandama, wakiiga mlio wa upanga wa mwanga kila walipomwona. Mama yake naye alizungumza mwaka 2024, na alitaka jambo moja lieleweke: maradhi yaliyompata mwanawe baadaye hayakuletwa na filamu wala na mashabiki. Nalipokea neno lake kama lilivyo, maana watu wameitumia hadithi ya yule kijana kupigania hoja zao kana kwamba hana mwenyewe. Ila mama huyo alisema na jingine. Kwamba yeye alimkinga mwanawe na yale maneno, na mtoto alikuwa nje anaendesha baiskeli na rafiki zake, hajui kitu. Mama ndiye aliyesimama mlangoni.

Mnaweza kuniambia hayo ni ya zamani, wakati huo hata mitandao ya kijamii haikuwepo, na Disney haikuwa na hisa. Nakubali. Basi tuzungumze ya juzi.

Kelly Marie Tran aliigiza Rose katika The Last Jedi, Desemba 2017. Alikuwa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia kupata nafasi kubwa kiasi kile katika filamu hizi. Kufikia Juni 2018 alikuwa amefuta kila kitu kwenye ukurasa wake wa Instagram kwa sababu ya matusi ya rangi yake na umbo lake. Agosti akaandika gazetini, kwa ujasiri mkubwa, jinsi maneno yale yalivyomfanya aanze kuyaamini. Halafu Desemba 2019 ikaja The Rise of Skywalker, filamu ya saa mbili na dakika ishirini na ushee, na Rose anaonekana kwa dakika moja na sekunde chache. Dakika moja! Nilihesabu mwenyewe nikidhani nimesinzia. Sijui mlikaa vikao gani, na huenda zilikuwepo sababu za kifundi. Lakini mtu aliyetuma tusi mwaka 2018 aliingia sinema 2019 akatoka ameshika ushindi mkononi. Alijifunza kwamba akitukana vya kutosha, mtu anaondolewa.

Na hamkuanza na Rose. Jar Jar mwenyewe, baada ya 1999, alipunguzwa katika filamu ya 2002, na katika ile ya 2005 anapita tu kwenye picha karibu bila kauli. Kila mara nyumba ilipogongwa kwa nguvu, mgeni ndiye aliyehamishwa.

John Boyega, aliyeigiza Finn katika filamu mpya, alilisema hili waziwazi mwaka 2020: kwamba mwigizaji mweusi anauzwa kama mtu muhimu wa hadithi, kisha anasukumwa pembeni. Amandla Stenberg alilisema mwaka 2024 tamthilia yake ya The Acolyte iliposimamishwa baada ya msimu mmoja. Hiyo nayo ni ya kitangulizi, ya miaka mia kabla ya The Phantom Menace, na chuki aliieleza kuwa ilianza siku ilipotangazwa, watu wakiwa hawajaona hata picha moja. Siwezi kusema ilisimamishwa kwa sababu ya chuki. Hesabu za fedha zipo na zina haki yake. Ninachosema ni kwamba mtu anayeangalia kutoka nje haoni tofauti, na nyinyi hamkujisumbua kumwonyesha.

Kuna mara moja mlifanya vizuri, nami nitakuwa mchoyo nisipoisema. Mei 2022 Moses Ingram alipotumiwa ujumbe wa kibaguzi kwa mamia kwa sababu ya kuigiza katika tamthilia ya Obi-Wan Kenobi, ukurasa wenu rasmi ulijitokeza siku zilezile kumtetea, mkakumbusha kwamba hadithi hii ina zaidi ya aina milioni 20 za viumbe wenye akili na hakuna sababu ya kuchagua ubaguzi. Ewan McGregor, aliyeigiza Obi-Wan mwenyewe, akajirekodi na kusema anayemtumia dada yule maneno yale si shabiki wa Star Wars machoni pake. Nilijisikia fahari siku ile. Lakini Ingram alikuwa ameshaeleza kabla ya hapo kwamba mlimwonya mapema: yatakujia haya, ujiandae. Kumbe mlijua. Mlijua mlango utagongwa, mkajua na saa, na bado mkampangia chumba kilekile.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na ni hasira ya mtu anayewapenda. Hakuna kampuni inayolinda siri za hadithi yake kama nyinyi. Waigizaji wenu wanasimulia wenyewe jinsi wanavyofungwa mdomo, jinsi kurasa za hadithi zinavyotolewa kwa tahadhari, jinsi wanavyotembea na majoho makubwa kati ya jengo na jengo ili mpiga picha asione vazi. Mna wanasheria wa kulinda neno moja lisivuje. Nguvu hiyo mnayoitumia kulinda karatasi, nusu yake tu ingetosha kumlinda mtu.

Ninachoomba ni hiki, na sikioni kuwa kikubwa. Ulinzi wa mwigizaji uandikwe kwenye mkataba kama siri inavyoandikwa. Awepo mtu wa kusimamia kurasa zake za mitandao kabla trela haijatoka, ili mwigizaji asiamke alfajiri na kusoma matusi mwenyewe peke yake kitandani. Awepo mshauri nasaha anayelipwa na nyinyi, kwa miezi na miaka, maana Ahmed Best alikuwa bado anauguza jeraha miaka ishirini baadaye. Kwa mtoto, ulinzi huo uende naye mpaka awe mtu mzima, na mzazi wake awe na mtu wa kumpigia. Tamko la kumtetea lisisubiri mpaka yeye mwenyewe avunjike na kuonyesha hadharani anachotumiwa. Na lawama ikiwa ni ya uandishi au ya uchoraji, atoke mwandishi, atoke mkurugenzi, akae mbele ya maikrofoni aulizwe.

Zaidi ya yote, msimpunguzie mtu nafasi yake kwa sababu ya kelele. Kama mhusika hafai, mwondoeni kwa sababu hadithi imemkataa, na mseme hivyo.

Mashabiki wa kweli hamtawapoteza kwa kufanya haya. Mwaka 2019 huko Chicago, mlipoadhimisha miaka 20 ya filamu ile, Ahmed Best alipanda jukwaani na ukumbi mzima ukasimama. Makofi hayakukatika. Niliitazama video ile kwenye simu ndani ya daladala, nikageuza uso dirishani ili abiria wa pembeni asione machozi. Waliosimama pale ni sisi, watoto wa 1999 na wa sidii mbili, tumekua. Mwaka 2020 mkampa kipindi cha watoto, akiwa mwalimu wa Jedi aitwaye Kelleran Beq. Machi 2023, katika The Mandalorian, mkafunua siri: aliyemwokoa Grogu, yule mtoto mdogo wa kijani, usiku wa mauaji kwenye hekalu la Jedi alikuwa yeye, ana panga mbili za mwanga mikononi, anasema na mtoto kwa upole huku anapigana. Binamu yangu alinitumia ujumbe wa neno moja tu: "Jaja!" Na Mei 2024 filamu iliporudi sinema kwa miaka yake 25, ilishika nafasi ya pili Marekani wikiendi ile, mbele ya filamu mpya zilizokuwa zikitangazwa kila mahali.

Nawashukuru kwa hayo yote, kwa moyo. Lakini hesabuni. Kutoka 1999 mpaka 2019 ni miaka 20 ya mtu mmoja kusubiri makofi. Kuna wanaoweza kungoja kiasi hicho na kuna wasioweza, naye alituambia mwenyewe kwamba nusura asiweze.

Sasa mmetangaza Star Wars: Starfighter kwa Mei 2027, na mmetuonyesha picha ya Ryan Gosling akiwa na mvulana mdogo. Sura nzuri, ya mtoto aliyepata kazi ambayo kila mtoto wa mkeka ule wa Ngamiani angeiota. Sijui chochote kuhusu nafasi yake kwenye hadithi na sitaki kujua kabla ya siku yake. Ninachojua ni kwamba trela itatoka, na usiku huohuo wapo watakaoanza kumpima mtoto yule kwa mizani ya watu wazima.

Mama yake Jake Lloyd alisimama mlangoni peke yake. Mpigieni simu mzazi wa mvulana huyu wiki hii, trela ikiwa bado iko kwa wahariri. Mtajieni jina la mtu atakayekuwa naye, mpeni namba anayoweza kuipiga saa nane usiku ikapokelewa, na mwambieni itapokelewa kwa miaka mingapi.

Wenu,
Shabiki kutoka Ngamiani, Tanga